Pima mtandao hapo unapoishi kabla hujajiunga kifurushi cha mwezi

Karibuni. Leo nipo Lushoto, kwenye nyumba ya mama mkubwa, na hiyo miteremko mnayoiona nyuma yangu ndiyo Usambara yenyewe. Nimeamua kurekodi huku kwa sababu ndiko nilikopata somo.

Nilikuja kukaa mwezi mzima. Nikiwa bado Dar nikajiunga kifurushi cha siku 30, tena kikubwa, maana kule ninakokaa mtandao ule unakimbia. Kufika hapa, simu ikasoma herufi E, yaani intaneti ya 2G, ile ya polepole. Kila nikitaka kuwaona watoto kwa simu ya video, nilipanda hadi juu ya shamba la kabichi, nikasimama kwenye kisiki kimoja hivi. Siku 30 zikaisha, MB zimebaki kibao. Kifurushi kinauzwa bei moja mjini na kijijini, lakini kilima kikikaa kati yako na mnara, mawimbi yanaishia huko huko ng'ambo.

Kwa hiyo tuanze. Kwanza uliza, na muulize wakala wa pesa. Ukimuuliza jirani "mtandao gani mzuri hapa?" atakutajia laini yake. Wakala ana laini za mitandao karibu yote mezani na anazihangaikia kutwa nzima. Muulize hivi: "Umeme ukikatika siku nzima, laini ipi inabaki hewani?" Jibu la swali hilo lina thamani kuliko bango lolote la barabarani. Muulize pia kama kuna mnara mpya umejengwa karibuni. Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini na kampuni za simu mikataba ya minara 758 ya vijijini, kwa hiyo sehemu uliyoambiwa zamani kwamba haina mtandao huenda leo inao.

Sasa chukua simu. Tazama skrini yangu. Naingia Mipangilio, kisha Mitandao ya simu, kisha sehemu ya kuchagua mtandao. Majina yanatofautiana kidogo simu na simu. Hapa nazima ile ya kuchagua yenyewe, na simu inaanza kutafuta. Subiri, inaweza kuchukua dakika moja au mbili, na intaneti itakatika kidogo, usishtuke. Haya, orodha hiyo. Hii ndiyo mitandao yote ambayo simu yangu inaisikia nikiwa hapa uani, hata ile ambayo sina laini yake. Kwako ikitokea namba badala ya jina, 640 ni Tanzania, halafu 02 ni Yas, ile iliyokuwa Tigo, 04 ni Vodacom, 05 Airtel, 07 TTCL na 09 Halotel. Usichague mtandao wa watu, soma tu, kisha urudishe kama ilivyokuwa. Usipouona mtandao unaoufikiria, rudia sehemu mbili tatu za nyumba kabla hujaufuta kwenye hesabu zako.

Kuna ramani pia, kama za nPerf na Opensignal. Zinafaa, ila zisome kwa akili. Zinajazwa na vipimo vya watu wenye programu hizo kwenye simu zao. Kijiji kikionekana cheupe, pengine hakuna aliyepita pale akapima.

Hapa ndipo ningependa utulie nami. Vile vijiti vya mtandao juu ya skrini vinadanganya, kwa sababu kila kiwanda kinaamua chenyewe kijiti kimoja ni kiasi gani. Tafuta namba. Ingia Mipangilio, Kuhusu simu, Hali ya SIM, utaona nguvu ya mawimbi ikiwa na herufi dBm. Ni namba hasi, na ikiwa karibu na sifuri ndiyo nzuri. Kwa 4G, -85 ni safi, -100 inavumilika, -110 intaneti inasuasua, na ukifika -120 uko ukingoni. Hapa nje inasoma -96. Naingia ndani, chini ya bati, nafunga dirisha la bati… -108. Nasogea kitandani, kwenye kona ya ukuta mnene, -113. Ni hatua chache tu, lakini kila inaposhuka kumi, nguvu inayofika kwenye simu imepungua mara kumi. Basi pima pale utakapolala na pale utakapokalia kazi. Mlangoni hakutoshi.

Mtandao mmoja ukionekana kushinda, azima laini au simu ya mtu mwenye mtandao huo kabla hujaenda kusajili ya kwako kwa NIDA na alama za vidole. Nunua kifurushi cha siku, kile kidogo kabisa. Programu za kupima kasi zinakula MB nyingi kwa dakika chache, zitumie mara moja tu. Baada ya hapo fanya kazi yako halisi: tuma picha, piga simu ya video dakika tatu, fungua kile unachofungua kila siku. Fanya asubuhi, halafu rudia kati ya saa 2 na saa 4 usiku, watu wote wakiwa wamerudi nyumbani na mnara umeelemewa. Mtandao unaokimbia saa 4 asubuhi na kukwama saa 3 usiku haumfai mtu anayesoma usiku.

Jambo moja linasahaulika. Ukiwa na intaneti, piga simu ya kawaida uone. Simu nyingi zikipokea au kupiga zinashuka hadi 3G au 2G, na intaneti inazima au inazorota mpaka ukate. Kama unauza vitu kwa simu, utaliona hilo siku ya kwanza.

Ukishaamua, si lazima upoteze namba. Tangu Machi 2017 unaweza kuhama mtandao na namba yako. Nenda kwa wakala wa mtandao unaohamia ukiwa na kitambulisho, kisha tuma neno HAMA kwenda 15080. Kabla ya kutuma, toa pesa zote kwenye akaunti yako ya simu na umalize salio, maana havitakufuata.

Mimi sikuhama. Nimeweka laini ya pili kwenye simu hii hii, na huku nanunua kifurushi cha wiki kwa laini inayosoma -96. Ile ya Dar naiacha ya kupigiwa na ya pesa, mpaka siku nitakaposhuka mlima.