Saa ya Kuogelea: Jinsi ya Kuichaji na Kuitunza

Karibuni. Leo tunashughulika na saa ya kuogelea, ile inayokuhesabia mizunguko na mapigo ya moyo ukiwa majini. Nikiulizwa mimi, adui wake mkubwa ni haraka ya kuichaji. Mtu katoka bwawani, saa bado ina majimaji, kaipachika kwenye chaja na kwenda zake.

Kwa hiyo kabla ya chaja, tuisuuze. Fungulia bomba kidogo, maji yawe baridi na yasiyo na chumvi, kisha geuza saa pande zote. Ulikuwa baharini? Kaa nayo hapo bombani kidogo zaidi, ukibonyeza vitufe mara mbili tatu ili chumvi isigande pembeni mwake. Kama saa yako imekatazwa kubonyezwa ikiwa na maji, acha vitufe.

Sabuni isiguse saa yenyewe. Nguvu ya mpira mwembamba unaozuia maji ndani hupungua kadiri unavyokutana na sabuni, mafuta ya kujikinga na jua na maji ya moto. Mgongoni utaona imeandikwa 5 ATM: saa ilipimwa kwa shinikizo sawa na la kina cha mita 50, maji yakiwa yametulia. Kipimo hicho ni cha saa mpya, na hakikuruhusu kuingia nayo kwenye chumba cha mvuke.

Sasa tukaushe. Chukua kitambaa laini kisichoacha nyuzi, futa kioo, futa mgongo, halafu njoo hapa nyuma kwenye hivi vidoti vya metali. Hivi ndivyo vinavyopokea umeme wa chaja. Umeme ukipita wakati vimelowa maji ya chumvi au ya klorini, metali inaanza kuliwa, na baada ya muda unaona doa la kijani au jeusi. Ukifika hapo, saa inachaji leo, kesho inagoma. Kama doa ni changa, lisugue taratibu kwa mswaki laini mkavu.

Ikiwa saa ina spika, tafuta alama ya tone la maji kwenye skrini, ile ya hali inayofunga skrini ukiwa majini. Ukiizima hali hiyo, saa inatoa mlio unaosukuma maji nje. Usichokonoe tundu kwa sindano, na mashine ya kukaushia nywele irudishe kabatini. Joto lake hulegeza gundi. Iache tu mezani penye hewa mpaka ikauke.

Imekauka? Angalia na kebo pia, maana wengi huisahau kwenye begi pamoja na taulo bichi. Tumia kebo iliyokuja na saa, uichomeke kwenye chaja ya volti 5 au kwenye kompyuta. Pachika saa, subiri alama ya betri ionekane, ndipo uondoke. Kupachika bila kuhakikisha ndiko kunakokufanya ufike bwawani na asilimia 4.

Betri yake ni ya lithiamu. Usiichaji kwenye jua kali wala kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0, na usingoje izime kabisa kila mara. Kama hutaogelea kwa miezi, iache na chaji kama nusu, uizime, na uikague mara moja moja.

Mkanda uvue uoshwe peke yake. Huu ndio unaruhusiwa sabuni laini. Suuza vizuri, kausha, hasa upande unaogusa ngozi, la sivyo utawashwa.

La mwisho, na hili usilichezee: ukiona kioo au mgongo umeinuka, betri imevimba. Usiichaji tena, usiibonyeze irudi, usiifungue. Izime, iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha ipeleke kwa fundi au kituo kinachopokea betri mbovu.