Alama 19 za Kila Sehemu: Kujiandaa kwa Mtihani wa Kijapani Ukiwa Lubumbashi

SERGE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na popote mlipo. Niko pamoja na Yaya Clarisse, yaani dada yetu mkubwa, ambaye kwa muda mrefu amewafundisha Kijapani vijana wa hapa mjini. Leo tunazungumzia mtihani wa kupima uwezo wa lugha hiyo, ule unaojulikana kwa herufi zake nne, JLPT. Karibu ujumbe wote tuliopokea unauliza jambo moja: mtu anayejisomea nyumbani, asiye na shule wala Mjapani wa kuongea naye, aanzie wapi?

CLARISSE: Asante, mdogo wangu. Mimi ningependa aanzie kwenye hesabu ya alama, kabla hata hajanunua daftari. Mtihani huu ulianza mwaka 1984, na tangu mwaka 2010 una madaraja matano, kuanzia N5 ambalo ni la chini kabisa hadi N1 ambalo ni la juu. Alama zote ni 180. Kuanzia N3 kwenda juu, alama hizo zimegawanywa katika sehemu tatu zenye alama 60 kila moja: msamiati na sarufi, kisha kusoma, kisha kusikiliza. Ili ufaulu N3 unahitaji jumla ya alama 95, kwa N2 ni 90, na kwa N1 ni 100. Hayo watu wengi wanayajua. Wasichokijua, au wanachokisoma haraka na kukipita, ni kwamba kila sehemu ina kiwango chake cha chini, nacho ni alama 19. Ukipata 18 katika kusikiliza, umeanguka, hata kama sehemu nyingine mbili umezijaza hadi juu.

SERGE: Kwa hiyo mtu anaweza kupata alama 138 kwa jumla, akaanguka N3, huku jirani yake aliyepata 95 amefaulu?

CLARISSE: Ndivyo ilivyo. Kwa N5 na N4 mgawanyo ni tofauti kidogo, kwa sababu msamiati, sarufi na kusoma vimewekwa pamoja kwa alama 120, na hapo kiwango cha chini ni 38, lakini kusikiliza kunabaki peke yake na alama zake 60 na kile kiwango cha 19. Ukitazama vizuri, utaona kwamba waandaaji hawataki mtu anayejua Kijapani upande mmoja tu. Nami naona wana haki, ingawa sharti hilo linatubana sana sisi tunaosoma mbali na Japani, kwa sababu mtu anayejisomea peke yake hupenda kurudia kile anachokiweza tayari. Mtu wa orodha za maneno huongeza orodha, na mtu wa kanji, yale maandishi ya Kijapani yenye asili ya Kichina, huongeza kanji.

SERGE: Hapo kwenye kanji ndipo ninapotaka tubishane, Yaya. Vijana wengi ninaowafahamu, na mimi nikiwa mmoja wao, wanajaza madaftari kwa kuandika kanji moja mstari mzima, ukurasa baada ya ukurasa. Wewe umekuwa ukisema kwamba hiyo si njia ya kujiandaa kwa mtihani huu.

CLARISSE: Nasema hivyo kwa sababu mtihani huu hauna sehemu ya kuandika wala ya kuzungumza. Maswali yote ni ya kuchagua jibu, na kazi ya mkono wako ni kupaka kiduara kwa penseli kwenye karatasi ya majibu. Kinachopimwa ni kama unaitambua kanji mara tu unapoiona, ikiwa ndani ya sentensi, huku saa inakimbia. Katika N3 una dakika 30 za msamiati, halafu dakika 70 za sarufi na kusoma pamoja. Mtu aliyezoea kuitazama kanji kwa utulivu, akihesabu mistari yake, atafika kwenye habari ndefu za mwisho akiwa amebakiwa na dakika chache mno, na sehemu ya kusoma ndiyo itakayolipa deni hilo.

SERGE: Hata hivyo, mkono husaidia kichwa kukumbuka. Kuna kanji ambazo nilikuwa nikizichanganya kila mara kwa sababu zinafanana, na kuziandika ndiko kulikozitenganisha.

CLARISSE: Hilo nalikubali, na ndiyo maana siwakatazi wanafunzi wangu kuandika. Hiragana 46 na katakana 46, yaani herufi za silabi za Kijapani, ziandikwe hadi zikae mkononi, na kanji za mwanzo pia, kwa sababu hapo ndipo jicho linapojifunza kuona sehemu zinazounda kanji. Lakini mtu anayelenga N2 hawezi kuandika kila kitu mara mia na bado akapata muda wa kusoma habari hata moja kwa siku. Nami nawaomba wasikilizaji wasiamini sana zile orodha za mtandaoni zinazodai kutaja kanji zote za kila daraja. Tangu mtihani ulipobadilishwa mwaka 2010, waandaaji hawatoi tena orodha rasmi. Mtihani wa zamani, uliokuwa na madaraja manne, ulitaja kanji kama 100, 300, 1000 na 2000, na makadirio mengi ya leo yanatokana na hesabu hizo.

SERGE: Tuingie kwenye sarufi. Kuna swali la nyota ambalo limewatesa wengi.

CLARISSE: Swali la nyota ni sentensi yenye mapengo manne mfululizo, na chini yake kuna vipande vinne vilivyovurugwa. Moja ya mapengo, mara nyingi la tatu, limewekewa nyota. Unapaswa kuipanga sentensi yote kichwani, kisha ujibu kile kipande tu kinachokaa kwenye nyota. Wanafunzi wengi hupanga sentensi sawasawa kabisa, kisha wakapaka namba ya kipande cha kwanza. Ninachofundisha ni kuandika namba nne kwenye karatasi ya maswali kwa mpangilio uliopata, kuizungushia duara ile ya nyota, na baada ya hapo tu kugusa karatasi ya majibu.

SERGE: Na kuhusu kujifunza kwenyewe, wengi hapa tunatumia vitabu vilivyoandikwa kwa Kiingereza au Kifaransa. Tunajifunza Kijapani kwa kupitia lugha ya shule.

CLARISSE: Nami naona hapo tunajinyima msaada tulionao tayari. Chukua vitenzi vinavyokwenda viwili viwili, ambavyo huulizwa sana kuanzia N4. *Akeru* ni kufungua, *aku* ni kufunguka. *Kowasu* ni kuvunja, *kowareru* ni kuvunjika. Anayejifunza kwa Kiingereza hukuta neno moja kwa yote mawili, hivyo anahitaji ukurasa mzima wa maelezo. Wewe uliyekulia Katuba au Kamalondo, hapa hapa Lubumbashi, umeanza kutofautisha *mlango nimeufungua* na *mlango umefunguka* kabla hujaingia shule ya msingi. Vivyo hivyo kwa kula, kulisha na kulishwa: Kijapani nacho huongeza viambishi nyuma ya kitenzi kilekile, *taberu*, *tabesaseru*, *tabesaserareru*. Tofauti ni kwamba ile ya mwisho mara nyingi hubeba maana ya kulazimishwa, na hilo lazima ulikumbuke. Kwa hiyo kadi zako za marudio, ziwe za karatasi au za programu ya Anki, andika maana kwa Kiswahili kila unapoweza, na hasa kwa vitenzi.

SERGE: Mimi hutengeneza kadi kwa sentensi nzima, si kwa neno moja.

CLARISSE: Ni bora zaidi, mradi sentensi iwe fupi na iwe umeitoa mahali ulipoisoma mwenyewe. Kadi elfu ulizopakua kutoka kwa mtu mwingine zitakuchosha kabla ya mvua za Novemba.

SERGE: Sasa tufike kwenye kusikiliza, kwa sababu naona hapo ndipo zile alama 19 zinapotafutwa kwa jasho.

CLARISSE: Hapo ndipo penyewe. Kila mazungumzo husikika mara moja tu, hayarudiwi. Nieleze aina moja ya swali kwa ukaribu, kwa sababu ipo katika madaraja yote. Kwanza sauti inakuambia hali ilivyo na swali lenyewe, tuseme: mwanamume na mwanamke wanazungumza ofisini, je, mwanamume atafanya nini kwanza? Kisha mazungumzo yanaanza. Mwanamke anamwomba atoe nakala za hati na atafute chumba cha mkutano. Mwanamume anakubali. Mwanamke anakumbuka kwamba chumba atakishughulikia yeye mwenyewe. Halafu, mwishoni kabisa, anasema kwamba tarakimu za ukurasa wa tatu zina mashaka, hivyo zihakikiwe kabla ya kutoa nakala. Jibu ni kuhakiki tarakimu, lakini nakala na chumba navyo vimo kwenye machaguo, na anayeshika maneno mawili matatu anayoyajua bila kufuata mwendo wa mazungumzo atapaka kimojawapo kwa furaha kabisa.

SERGE: Kwa hiyo wanapima kama unafuata mabadiliko.

CLARISSE: Ndiyo. Kuna pia aina ya majibu ya haraka, ambayo haina kitu chochote kilichochapishwa: unasikia sentensi moja, unasikia majibu matatu, unachagua, na swali linalofuata limeshaanza. Ukibaki nyuma kulitafakari lililopita, umepoteza mawili. Ninawafundisha wanafunzi kupaka jibu lolote na kuendelea.

SERGE: Na mazoezi ya kusikiliza tunayapata vipi katika mji ambao umeme hukatika jioni, na vifurushi vya intaneti ni ghali?

CLARISSE: Pakua mapema. Tovuti rasmi ya mtihani ina makusanyo mawili ya maswali, la mwaka 2012 na la mwaka 2018, kwa kila daraja, pamoja na sauti zake, bila malipo. Ukiyahifadhi kwenye simu hayahitaji intaneti tena. Nashauri mkusanyiko mmoja uutumie kujifunzia, ukisikiliza huku unasoma maandishi yake, na mwingine usiuguse hadi mwezi wa mwisho, ili uufanye kwa saa kamili kama mtihani wenyewe. Na masikio yazoee kelele. Chumba cha mtihani hakina ukimya wa chumbani kwako.

SERGE: Niseme jambo la pembeni, Yaya. Magari mengi yanayoingia mjini kupitia mpaka wa Kasumbalesa yalitumika Japani, na baadhi yake bado yanazungumza Kijapani. Unawasha injini na sauti ya mwanamke inakuambia kwamba kadi ya kulipia barabara haijaingizwa. Dereva wa teksi mmoja aliniuliza mama huyo anamgombeza nini kila asubuhi.

CLARISSE: Mama huyo anatumia umbo la kutendwa, *sōnyū sarete imasen*, kwa hiyo dereva huyo amepata somo la sarufi ya N4 kila asubuhi bila malipo.

SERGE: Swali la mwisho kubwa: daraja. Mtu wa hapa lazima asafiri kwenda kufanya mtihani, kwa mfano Nairobi. Je, aanzie N5?

CLARISSE: Kwa maoni yangu, hapana. Mtihani hufanyika Julai na Desemba, na katika miji mingi nje ya Japani ni mara moja tu kwa mwaka. Nauli, malazi na ada ni zilezile au karibu sawa, iwe unafanya N5 au N3. Hakuna sharti la kupanda daraja moja baada ya jingine, na cheti hakiishi muda wake, ingawa baadhi ya taasisi hutaka cha karibuni. N5 ijipime nyumbani kwa yale maswali rasmi.

SERGE: Hapo sikubaliani nawe kabisa. Kijana aliyesafiri mbali hivyo na kuanguka N3 anaweza kuacha lugha yenyewe. Cheti cha N4 mkononi kina uzito wake.

CLARISSE: N4 sijaikataa. Ina matumizi ya kweli: katika utaratibu ambao Japani iliuanzisha mwaka 2019 kwa wafanyakazi wa kigeni wenye ujuzi maalumu, N4 ni mojawapo ya njia za kuthibitisha lugha, ukiongeza mtihani wa ujuzi wenyewe. N2 na N1 huongeza alama katika mfumo wa Japani wa kuwapima kwa alama wataalamu wa kigeni wa ngazi ya juu, 10 kwa N2 na 15 kwa N1. Lakini peke yake cheti si viza, na anayetafuta ufadhili wa shahada ya uzamili asome masharti ya ufadhili kwanza, kwa sababu programu kadhaa za Waafrika hufundishwa kwa Kiingereza.

SERGE: Basi tukubaliane kwamba mtu afanye jaribio kamili nyumbani, na asafiri kwa daraja ambalo kila sehemu imepita kiwango chake kwa nafasi ya kutosha.

CLARISSE: Hilo nalitia sahihi. Akumbuke pia kwamba alama halisi hazihesabiwi kwa kujumlisha majibu sahihi tu, zinapimwa kwa mizani maalumu, hivyo asijiamini kwa jibu moja au mawili ya ziada. Na siku yenyewe simu izimwe kabisa, isiwekwe kwenye ukimya. Simu ikilia ndani ya chumba ni kadi nyekundu, na unatolewa.

SERGE: Na wakati wa kujiandikisha?

CLARISSE: Dirisha hufunguliwa miezi kadhaa kabla, kwa hiyo mtihani wa Desemba uufuatilie tangu Agosti. Angalia hasa majina. Sisi tuna jina, postnomu, yaani jina linalofuata lile la kwanza, na jina la ubatizo, na kila mmoja ana mazoea yake ya kuyapanga. Yaandike kwa mpangilio uleule na kwa herufi zilezile za pasipoti, kwa sababu ndiyo utakayoionyesha mlangoni, na ndivyo cheti kitakavyochapishwa.