Kumtafuta Pachi Chini ya Barafu ya Ziwa Kubwa

Mabibi na mabwana, tuanze na jina tusije tukapotezana. Pachi ninayemzungumzia leo ni yule samaki wa manjano mwenye milia myeusi ubavuni, wa maziwa ya Amerika Kaskazini kama Erie na Simcoe. Ni mdogo, wengi hawavuki sentimita 30. Si sangara. Sangara ni wa ukoo mwingine kabisa, ni jina la Kizungu tu linalowachanganya watu.

Ziwa likishaganda huwa uwanja mweupe usio na alama. Wavuvi wengi huenda palipo na wenzao, wakatoboa barafu, wakaketi, wakangoja. Kwenye bwawa dogo mtu atapata kitoweo kwa njia hiyo. Kwenye ziwa kubwa atapata baridi, kwa sababu pachi hatulii. Hutembea kwa makundi, kila kundi na saizi yake, wakifuata chakula juu ya sakafu ya ziwa. Anayemtaka aanze kuitafuta sakafu inayomlisha.

Kazi inaanzia mezani, kwenye ramani ya vina. Kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kina kimoja, zikibanana, sakafu inateremka ghafla. Zikiachana, ni tambarare. Mnapopataka ni pale mteremko unapokoma na tambarare inapoanza. Wekeni alama tano au sita za namna hiyo kwenye GPS kabla hamjakanyaga barafu. Kontua zinazochomoza kama ulimi kuelekea kina kirefu, au njia nyembamba kati ya miinuko miwili, zipeni nafasi ya kwanza, maana makundi hupita hapo.

Kina chenyewe hubadilika na majira. Barafu ya mwanzo huwakuta bado kandokando ya majani ya majini, mita 2 hadi 5. Baridi ikikolea majani hufa, nao hushuka kwenye tambarare za mita 6 hadi 12. Huko chini maji yana joto kidogo kuliko juu, kwa kuwa maji huwa mazito zaidi yakiwa na nyuzijoto 4, na yaliyo mazito hutuama chini. Ila kinachowashusha hasa ni tumbo: ndani ya tope mna viluwiluwi wekundu wa visubi. Barafu ikikaribia kuyeyuka hurudi kwenye ghuba zenye kina kifupi, msimu wa kutaga ukiwa mlangoni.

Sasa, tope utalijuaje ukiwa umesimama juu ya barafu? Hapa nitakaa kidogo. Kwa sona, chombo kinachotuma sauti chini majini na kupokea mwangwi, kikiuchora kwenye kioo. Changarawe au mwamba hurudisha mwangwi wenye nguvu: mstari mpana, rangi kali, na ukiongeza usikivu wa chombo utaona mwangwi wa pili, kama sakafu nyingine kwenye kina maradufu. Tope hunyonya sauti. Mstari wake ni hafifu, na mwangwi wa pili huchelewa kuonekana au hauonekani kabisa. Basi mkishapanga usikivu, msiuguse tena mnapohama tundu hadi tundu. Mkiuchezea hamna cha kulinganisha. Mwangwi wa pili ukififia ghafla kati ya tundu moja na linalofuata, mmevuka mpaka wa sakafu ngumu na tope. Mpaka huo ufuateni kama anayefuata ukingo wa shamba.

Sona nayo ina upofu wake. Mwale wa nyuzi 20, kwenye kina cha mita 10, hufunika duara la kama mita 3.5 tu. Pachi aliye mita 5 kando yako, kwa sona hayupo. Tena hupenda kujibanza sentimita chache juu ya sakafu, na kwenye mteremko mwangwi wa sehemu iliyoinuka humfunika. Kwa hiyo ukimya wa sona kwenye tambarare uaminini, kwa eneo lililo chini ya tundu. Kwenye mteremko, teremsha chambo uhakikishe. Kihisi cha sona, kile kinachotumbukizwa majini, kining'inie wima. Kikiinama, mnasoma pembeni na kina kinachoonekana ni cha uongo.

Kabla ya keekee ya kutobolea barafu, mtaimbo. Pigeni barafu mbele yenu mnapotembea, na mpime unene: sentimita 10 za barafu angavu kwa mtu wa miguu. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ihesabuni nusu ya nguvu hiyo. Kwenye ziwa kubwa kuna jambo la ziada, nalo ni upepo unaovuma kutoka nchi kavu. Februari 2009, kipande kikubwa cha barafu kilikatika kwenye Erie upande wa Ohio na kuwaacha wavuvi zaidi ya 100 wakielea hadi walipookolewa, mmoja alifariki. Unene peke yake haukuwasaidia.

Keekee ya sentimita 15 inatosha. Anzieni kwenye mteremko, mwende mstari mmoja hadi ndani ya tambarare, tundu kila hatua 15 au 20, matundu kumi na kitu. Toboeni yote kwanza, hasa kwenye maji mafupi ambako kelele huwatawanya. Mkimaliza la mwisho, la kwanza limeshatulia. Kisha rudini mkijaribu, dakika 2 au 3 kila tundu. Hakuna kitu? Hameni. Kiti ndicho adui mkubwa wa mvuvi wa pachi.

Kuwaita kuna namna yake. Teremsheni chambo cha chuma chenye umbo la kijiko, ndoana ikiwa na funza wawili watatu, mshipi unaohimili kilo 2. Gongeni sakafu mara tatu nne hadi tope litimke, pandisheni sentimita 20, tulieni. Pachi huwinda kwa macho, na wingu la tope humwambia kuna mwenzake anayekula. Kwa sababu hiyo hiyo giza likiingia hulala sakafuni, nanyi nendeni nyumbani. Mstari mwembamba ukijiinua kwenye sona ukasimama chini ya chambo, msitikise kwa pupa. Kipandisheni polepole awe anakifuata.

Kundi likipita, mmoja abaki na mwingine ajaribu matundu ya pande zote. Tundu linalojibu limewapa mwelekeo, toboeni mbele yake. Wakija wadogo watupu, kuhama hatua tano hakusaidii. Nendeni mita 100.

Samaki wa kwanza anayefaa kuliwa mpasueni papo hapo. Tumbo likiwa na viluwiluwi wekundu, baki kwenye tope. Likiwa na vipande vya kamba wa maji baridi, rudi kwenye mawe. Likiwa na vidagaa, kundi linakwenda mbio, na mtatoboa sana siku hiyo.

Na kina kina gharama yake. Pachi anayevutwa haraka kutoka mita 10 au zaidi, kibofu chake cha hewa hufura, na hana njia ya kuitoa hewa hiyo upesi. Ukimrudisha huelea ubavu, hazami. Huko chini, basi, hakuna kuvua na kuchagua: idadi mnayoruhusiwa ikitimia, kunjeni mishipi, na wakiwa wadogo tu, hameni kabla hamjawatoa wengi.