Jinsi ya kutofautisha HEA 200 na HEB 200 kabla hujalipa

Mafundi na wenye majengo, karibuni yadini. Leo tunapima bimu za chuma zenye umbo la H: HEA ndiyo nyepesi, HEB ndiyo nzito. Usiamini mdomo wa muuzaji. Ndiyo, na mimi ni muuzaji, kwa hiyo nipime na mimi.

Tepu, skwea ya kuhakikisha tepu imesimama wima, kalipa ya kupimia unene. Mimi napenda kalipa ya mshale, haina betri ya kukuzimikia mbele ya mteja. Piga brashi ya waya kwenye ncha, kutu itoke. Twende.

Hii HEA 200, ile HEB 200. Upana wa bapa la juu, yaani ule ubao wa juu wa bimu: milimita 200. Na ile? 200. Hapo ndipo watu wanapopigwa! Upana haukuambii kitu. Pima kimo, mgongo wa bapa la juu hadi mgongo wa bapa la chini. HEB inatoa 200. HEA, pamoja na jina lake, ni 190.

Dogo wa kamera, zunguka huku, jua linapiga kwenye tepu, namba hazionekani. Na lori nalo linarudi nyuma... haya, limepita.

Tazama mkono wangu. Tepu ikiinama, 190 inapanda, unaondoka na HEA ukidhani ni HEB. Skwea kwanza, tepu baadaye. Umeona? Skwea kwanza!

Sasa kalipa. Unene wa bapa: HEA milimita 10, HEB 15. Usibane ukingoni penye makombo ya msumeno. Usiingie pia kwenye kona ya ndani, bapa linapokutana na ukuta wa kati. Pale pana mviringo, utasoma unene ambao haupo. Kaa katikati ya hapo. Narudia, kona ya ndani hapana. Unene wa ukuta wa kati: HEA 6.5, HEB 9, basi.

Uzito: HEA kilo 42.3 kwa mita, HEB 61.3. Kipande cha mita 6 ni kama kilo 254 kwa 368. Ukilipia HEB ukapakiwa HEA, kilo 114 za pesa yako zimebaki yadini.

Na usibadilishe kinyume pia, eti nzito ni bora. Mhandisi akiandika HEA, ile HEB itakuongezea milimita 10 za kimo, sakafu ipande, mlango ugome kufunguka. Mpigie simu kwanza.

Mkija, njooni na kalipa zenu. Yangu huwa inaazimwa hairudi.