Utafiti wa Chimwaga Unasomwa na Nani?

NEEMA: Mbukwa, wasikilizaji wetu wa Dodoma na kwingineko. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanza kupokea wanafunzi mwaka 2007 pale Chimwaga, sifa yake kubwa midomoni mwa watu ilikuwa ukubwa, kwa kuwa kilikusudiwa kuchukua wanafunzi wapatao 40,000. Leo nataka tuzungumzie utafiti unaoandikwa katika chuo cha aina hii na watu wanaousoma. Mwalimu Yohana, mtu akisema kwamba chuo fulani kina mchango mkubwa kitaaluma, huwa amepima nini hasa?

YOHANA: Ahsante, dada Neema. Mara nyingi huwa amehesabu makala zilizochapishwa katika majarida yanayotambuliwa, kisha akahesabu ni mara ngapi makala hizo zimenukuliwa na watafiti wengine. Hesabu hizo hutoka katika hifadhidata kama Scopus, Web of Science na Google Scholar. Kuna pia kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ambacho kinasema kwamba mtafiti mwenye h ya 10 anazo makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10. Sikidharau kipimo hicho, kwa maana kinamlazimu mtu aonyeshe kwamba kazi yake imewafaa wenzake. Hata hivyo, kinawapendelea waliotangulia, kwa kuwa nukuu huongezeka kadiri miaka inavyopita na kipimo chenyewe hakishuki. Ukikiweka chuo cha mwaka 2007 kwenye mizani moja na Makerere, iliyoanza mwaka 1922, umepima umri kabla hujapima kazi.

NEEMA: Na lugha je? Mhadhiri akiandika makala nzuri ya Kiswahili, anahesabiwa?

YOHANA: Anahesabiwa kwa shida sana, kwa sababu hifadhidata kubwa zimejaa majarida ya Kiingereza. Kuna pia jambo dogo linalowagharimu wengi bila wao kujua: mmoja huandika jina kamili la chuo, mwingine huandika UDOM, wa tatu hutaja idara yake peke yake, na mashine inayohesabu huweza kuwaona kama watu wa taasisi tatu tofauti. Hilo linatibika kwa chuo kuwapa wahadhiri wake namna moja ya kuandika jina.

NEEMA: Nikuulize swali ambalo limenikaa moyoni. Hivi huku kwetu katikati ya nchi kuna utafiti ambao dunia imeunukuu kwa dhati?

YOHANA: Upo, na ningependa kila mwanafunzi wa uzamili wa Dodoma aujue. Chukua Makutupora, kaskazini ya jiji, kwenye visima vinavyolinywesha jiji hili maji. Tangu miaka ya 1950, watumishi wa maji wamekuwa wakipima kina cha maji chini ya ardhi na kuandika, awamu baada ya awamu, serikali baada ya serikali. Mwaka 2013 kumbukumbu hizo za miaka 55 zilichapishwa katika jarida la Nature Climate Change, na miongoni mwa waandishi walikuwamo wataalamu wa maji wa Kitanzania wakishirikiana na Richard Taylor wa chuo kikuu cha UCL, London. Walionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hapa hayajazwi na mvua ya kila mwaka kwa kiwango sawa. Hushuka kwa miaka kadhaa mfululizo, kisha msimu mmoja wa mvua kubwa mno, kama ule wa El Niño wa mwaka 1997 na 1998, huyapandisha kwa kishindo.

NEEMA: Kwa hiyo mvua ile ile iliyobomoa barabara na madaraja ndiyo iliyotujazia visima.

YOHANA: Ndiyo. Na ona maana yake kwa jiji ambalo tangu mwaka 2016, serikali ilipotangaza kuhamia hapa kikamilifu, limeendelea kupokea watu. Anayepanga maji ya Dodoma kwa kutazama wastani wa mvua peke yake atakosea. Lakini kinachonigusa zaidi ni yule mpimaji wa mwaka 1960 au 1975 ambaye hakuandika makala hata moja, ila aliandika namba zake kwa uaminifu. Hakuna kipimo cha h kinachomwona mtu huyo, na bila yeye makala ile isingekuwapo.

NEEMA: Kongwa nako kuna mfano wa namna hiyo, kwenye vikope, ule ugonjwa wa macho unaoitwa pia trakoma.

YOHANA: Kweli kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na Watanzania, walifanya kazi Kongwa kwa miaka mingi, na mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha jaribio lililohusu kuwanawisha watoto uso katika vijiji vya huko. Leo usafi wa uso ni nguzo mojawapo ya mkakati wa Shirika la Afya Duniani wa kupambana na vikope, pamoja na upasuaji, dawa na kuboresha mazingira.

NEEMA: Lakini Mwalimu, kazi zote mbili ulizozitaja hazikuzaliwa katika chuo cha hapa.

YOHANA: Hazikuzaliwa hapa, na ndiyo sababu nimezitaja. Zilifanikiwa kwa sababu watu walikaa na mahali pamoja kwa muda mrefu. Mradi wa miaka mitatu hufika, hukusanya, huondoka. Chuo kilichopo Chimwaga hakiondoki. Kinaweza kufuatilia korongo moja la Kondoa, shamba moja la zabibu, au sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, katika maghala ya mahindi ya vijiji vile vile kwa miaka 30. Nasikitika ninapoona mhadhiri kijana anagawanya takwimu zake katika makala nne nyembamba ili apande cheo, au anapolipa ada kwa jarida la kilaghai ambalo halipitii makala hata kidogo.

NEEMA: Na wale waliotoa takwimu wanarudishiwa nini? Nilipokuwa nakusanya takwimu za tasnifu yangu katika kijiji kimoja cha Bahi, mzee mmoja alijibu maswali yangu yote kwa upole, kisha akaniuliza: "Mjukuu wangu, na yale ya mwenzako aliyekuja mwaka juzi yaliishia wapi?" Sikuwa na jibu. Mimi pia niliwasilisha tasnifu yangu kwa Kiingereza, ikawekwa maktaba, na sikurudi.

YOHANA: Mimi ningeanzia hapo hapo. Kila tasnifu inayotumia takwimu za kijiji iwe na kurasa mbili za Kiswahili, zipelekwe ofisi ya kijiji na zisomwe mkutanoni kabla mwanafunzi hajavaa joho. Gharama yake ni nauli ya basi na alasiri moja.

NEEMA: Basi langu la Bahi ni Jumamosi hii. Kurasa zangu mbili nimeshaziandika, Mwalimu, na ninaomba uzipitie kabla ya Ijumaa, hasa ile sehemu ya mavuno, kwa sababu najua yule mzee ataniuliza.