Mfuko Mmoja, Bei Moja: Tunavyopoteza Tunapouza Sarafu za Fedha

Ahsante, mwenyekiti. Wale mlionisikia mara iliyopita mniwie radhi, maana nitayasema yale yale, na nitaendelea kuyasema mpaka watu waache kuuza sarafu kwa mkupuo.

Mmeniita nizungumzie njia bora ya kuuza sarafu za zamani za fedha. Najua mnachotaka. Mnataka niwatajie mtu wa kumuuzia, mwondoke. Kila mahali naulizwa hivyo: “Nimuuzie nani?” Ndugu zangu, hilo ni swali la tatu. La kwanza ni “Nina nini?” La pili ni “Kipi hapa ni cha mizani na kipi ni cha jicho?” Sarafu ya mizani thamani yake ni madini yaliyomo. Sarafu ya jicho kuna mtu anaitafuta yenyewe, kwa mwaka wake, kwa herufi yake ya kiwanda, kwa hali yake. Ukishatenganisha hayo makundi mawili, la kumpata mnunuzi si gumu tena. Usipoyatenganisha, atakutenganishia mnunuzi, na atafanya hivyo baada ya wewe kuondoka.

Kuna mzee mmoja, mhasibu mstaafu, mtu wa hesabu maisha yake yote, alirithi mkebe wa sarafu kutoka kwa shangazi yake. Alinijia akiwa ameshauza. Watu hunijia wakiwa wameshauza. Nadhani wananiona mtoa rambirambi. Akatoa risiti. Mstari mmoja: “Sarafu mchanganyiko, fedha”, uzito, jumla. Basi. Mkebe mzima wa ukoo, mstari mmoja.

Bahati nzuri, au mbaya, mjukuu wake alikuwa amezipiga picha kabla hazijauzwa. Nikazitazama. Nyingi zilikuwa florin za Uingereza, yaani sarafu za shilingi mbili. Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Florin ya 1919 ina uzito wa gramu 11.3, na fedha ndani yake ni asilimia 92.5. Florin ya 1920 ina uzito ule ule, lakini fedha ni asilimia 50. Ziweke mbili mezani. Ukubwa mmoja, mfalme George V yule yule, anatazama kushoto kule kule, na upande wa nyuma ngao zile zile zimepangwa vile vile. Moja ina takriban gramu 10.5 za fedha, nyingine haifiki gramu 6. Kilichobadilika machoni pako ni tarakimu za mwaka tu. Uingereza ilipunguza fedha kwenye sarafu zake mwaka huo kwa sababu bei ya fedha baada ya vita ilikuwa imepanda hadi sarafu ikawa na madini yanayozidi thamani iliyoandikwa juu yake. Na kuanzia 1947 wakaiondoa kabisa, wakaweka shaba na nikeli.

Katika zile picha, kama nusu ya florin zilikuwa za kabla ya 1920. Mnunuzi alizilipia zote kwa kiwango cha hamsini. “Ndiyo soko, mzee,” alimwambia. Na katikati ya picha ya tatu, imejilalia tu kati ya wenzake, kulikuwa na rupia mbili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, Kaizari Wilhelm amevaa kofia yake ya chuma. Sarafu ya rupia moja ya Wajerumani unaweza kukutana nayo. Ya rupia mbili ilitolewa 1893 na 1894 tu, na wakusanyaji wanaitafuta kwa udi na uvumba. Nayo ikapanda mizani pamoja na florin za hamsini kwa mia. Huo ni ng'ombe wa maziwa aliyeuzwa kwa bei ya nyama.

Najua, kuna mtu pale nyuma keshasema moyoni, “Huyo mnunuzi ni mwizi.” Hapana. Mzee aliweka mkebe mezani akauliza, “Unatoa ngapi kwa vyote?” Akajibiwa swali alilouliza. Mnunuzi hana wajibu wa kukufundisha mali yako, na bei ya jumla lazima imlinde yeye dhidi ya ile sarafu mbaya kuliko zote mfukoni. Hata angekuwa mwadilifu kama kadhi, ukimpa mchanganyiko atakupa bei ya mchanganyiko. Ingekuwa kalamu na karatasi na jioni moja tu ya kusoma miaka, mzee angeingia mle ndani na mafungu matatu: za mizani asilimia 92.5, za mizani asilimia 50, na ile moja iliyofungwa kwenye karatasi mfukoni mwa shati, ambayo isingetoka siku hiyo.

Mwingine atasema, “Mwalimu, wewe una nafasi ya kuchambua, mimi nina ada ya kulipa Jumatatu.” Vizuri, na hapo nakuunga mkono: uza. Lakini uza fungu la mizani. Hilo bei yake inajulikana leo na kesho, halina siri, na hasara yake ni ndogo. Lile la jicho ndilo linalohitaji muda. Watu hufanya kinyume! Wakibanwa, wanatoa kwanza ile inayong'aa, ile nzuri, kwa sababu ndiyo itakayomvutia mnunuzi. Ndiyo, itamvutia.

Sasa hesabu, na msiniogope. Uzito kwa gramu, zidisha kwa kiwango cha fedha, gawanya kwa 31.1, unapata wakia za fedha, nazo unazizidisha kwa bei ya wakia. Hiyo 31.1 ni gramu za wakia moja ya sonara, ambayo ndiyo hutumika kutangaza bei ya fedha duniani. Wakia ya kawaida, ile ya kupimia vitu vingine, ina gramu 28.35. Mtu akikupimia kwa wakia, muulize ni wakia gani. Kama mizani yake inasoma wakia ndogo, halafu anakuambia sarafu zako ni wakia kadhaa na anazizidisha kwa bei ya wakia kubwa, hapo anajipunja mwenyewe, kwa hiyo hilo hutaliona likitokea. Utakaloliona ni mtu anayepima kwa gramu, anazigeuza wakia kwa kugawanya anavyojua yeye, na kikokotoo kimeelekea upande wake. Piga hesabu nyumbani kabla hujatoka. Hulazimiki kulipwa bei kamili ya madini. Anayenunua lazima abaki na chake, na mwenye kuyeyusha naye abaki na chake. Ila ujue kamili ni ngapi ili ujue unakatwa ngapi.

Mfano. Dola ya fedha ya Marekani, ile wanayoiita Morgan, ina gramu 26.73 na kiwango cha asilimia 90. Fedha yake ni gramu 24 na nukta. Shilingi ya Afrika Mashariki ya miaka ya 1921 hadi 1946, ambayo watu huniletea imefungwa kwenye leso kana kwamba ni kito, ina gramu 7.8 hivi na kiwango cha asilimia 25. Fedha ndani yake haifiki gramu 2. Ya 1948 haina hata chembe. Nikisema hivi watu hununa. Sikuzitengeneza mimi.

Na sasa hili la mwaka. Hakuna kitu kinachonichosha kama sarafu ya Maria Theresa. Mtu anaingia, anafunga mlango, anashusha sauti: “Nina ya 1780.” Naam, hata mimi ninayo ya 1780. Kila mtu anayo ya 1780! Malkia Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka huo, na kwa sababu wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na kwingineko waliiamini sura ile, waliokuwa wakiitengeneza hawakuthubutu kubadilisha kitu. Imetengenezwa Vienna, Roma, London, Birmingham, Paris, Brussels, Bombay, miaka nenda miaka rudi, na kila moja imeandikwa 1780. Vienna bado wanaitoa mpaka leo. Inawezekana uliyonayo ni ya enzi ya babu wa babu yako, inawezekana imetoka kiwandani ukiwa umeshaoa. Wanaozijua huzitofautisha kwa vijambo: idadi ya vito kwenye kile kipini begani mwa malkia, manyoya ya mkia wa tai, nafasi kati ya herufi. Zipo chache zenye thamani ya mkusanyaji. Nyingine zote ni gramu 28 kwa asilimia 83.3, yaani gramu 23 na ushee za fedha, na hiyo si haba. Lakini usimwambie mnunuzi “ni ya miaka mia mbili na arobaini” halafu ushangae akicheka.

Kwa hiyo mwaka peke yake haukuambii kila kitu. Rudi kwenye Morgan. Ya 1921, kiwanda cha Philadelphia peke yake kilitoa zaidi ya milioni 44. Ya 1893 kutoka San Francisco zilitolewa laki moja tu. Kwenye mizani hazitofautiani. Igeuze, tazama chini ya shada la majani lililo chini ya tai: kuna nafasi ya herufi ya kiwanda, ndogo kuliko punje ya mtama. S ni San Francisco, O ni New Orleans, CC ni Carson City, patupu ni Philadelphia. Ile S ndogo kwenye 1893 ni utajiri, na ndiyo maana wapo mafundi wa kuibandika. Ukiikuta, usishangilie, ipeleke ikaguliwe.

Na msidanganyike na idadi ya zilizotengenezwa. Mwaka 1918 Marekani ilipitisha sheria, ikayeyusha dola za fedha zaidi ya milioni 270. Hakuna aliyeandika ni za miaka ipi. Kuna na kinyume chake: dola ya 1903 ya New Orleans ilikuwa adimu mno, watu wakiitolea pesa nyingi, mpaka 1962 Hazina ilipofungua magunia yaliyolala miaka na miaka, zikamwagika, bei ikaanguka. Waliouza mwezi mmoja kabla walicheka. Naona mwenyekiti anatazama saa. Naharakisha.

Kusafisha. Msisafishe. Si majivu, si ndimu, si dawa ya meno. Ule weusi uacheni. Tuendelee.

Kampuni za kukagua na kutoa daraja, PCGS tangu 1986, NGC tangu 1987: zinaipa sarafu namba kati ya 1 na 70 na kuifunga kwenye plastiki. Zina faida kwa sarafu ya jicho ya bei kubwa, kwa sababu mnunuzi wa mbali anaiamini. Kwa florin ya kawaida ni kutupa pesa. Ada itazidi ongezeko.

Mnada: uliza kamisheni, uliza bei ya chini ambayo hawatauza chini yake, uliza unalipwa baada ya siku ngapi. Nilikuwa na mengi ya mnada, tutayaacha.

Je, tusubiri bei ipande? Swali hili huulizwa na watu wenye sarafu tano. Januari 1980 wakati ndugu wa familia ya Hunt, matajiri wa Marekani, walipokuwa wakikusanya madini ya fedha, wakia ilikaribia dola 50. Machi 27 mwaka huo huo ilianguka ikawa chini ya dola 11. Waliokuwa wakisubiri ifike 60 wengine walisubiri miongo mitatu kuiona tena ikikaribia 50. Kama unahitaji pesa, bei ya leo ndiyo bei.

Za kuchimbwa ardhini sizizungumzii hapa, hizo nenda kwanza kwa wanaohusika na mambo ya kale, nchi nyingi zina sheria kali.

Nani aliinua mkono? Mama pale. Iliyotobolewa tundu kwa ajili ya mkufu? Hiyo, mama, mkusanyaji wa kawaida hataitaka. Ni ya mizani. Lakini kabla hujaiweka kwenye fungu hilo, nipe nione mwaka wake na herufi.