Kipimo kilekile, maana mbili: Copenhagen 1952

Kabla sijaandika chochote ubaoni, vuteni pumzi, muizuie. Bado. Bado kidogo.

Huo msukumo wa kutaka kupumua hausababishwi hasa na kupungua kwa oksijeni. Ni kabonidioksidi inayorundikana. Inaungana na maji ya damu, inakuwa asidi, na ubongo hauvumilii. Haya, pumueni.

Damu yenye afya hukaa kwenye pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) 7.35 hadi 7.45. Mapafu huitoa asidi hiyo kwa dakika chache. Figo hufanya kazi taratibu, kwa siku kadhaa, zikibakiza bikaboneti ya kuipoza. Shikeni hilo la figo, ndilo lililowapoteza watu.

Agosti 1952, polio, ugonjwa unaoweza kupoozesha misuli ya kupumua, ilikuwa imeikumba Copenhagen. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na pafu la chuma moja (mashine ya kumpumulisha mgonjwa) na vifaa sita vya kufungwa kifuani kwa kazi hiyohiyo. Kati ya wagonjwa 31 wa mwanzo waliosaidiwa kwa mashine hizo, 27 walikufa. Vipimo vilionyesha jumla ya kabonidioksidi katika damu iko juu mno, na kwa kuwa sehemu kubwa ya jumla hiyo ni bikaboneti, madaktari wakaamini damu imezidi alikali, yaani kinyume cha asidi, kwa sababu isiyojulikana.

Kipimo kilikuwa sahihi kabisa! Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alikitazama kilekile akasema: wagonjwa hawa hawapumui vya kutosha. Kabonidioksidi imewajaa, figo zinahangaika kufidia. Ni asidi, si alikali. Naomba mlikumbuke hili wodini: mgonjwa anayepewa oksijeni anaweza kusoma asilimia 98 kwenye kile kifaa cha kidoleni kinachopima oksijeni huku kabonidioksidi inamuua.

Tarehe 27 Agosti alikabidhiwa binti wa miaka 12. Shingo ikatobolewa, mrija ukaingizwa kwenye njia ya hewa, akapumuliwa kwa kuminya mfuko kwa mkono. Kabonidioksidi ikashuka, binti akaishi. Baadaye wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 wakapokezana zamu usiku na mchana, mikono yao ikiwa ndiyo mashine, na vifo vikashuka chini ya nusu. Wengi walikuwa rika lenu. Kila nikiwaza zamu zile, nanyamaza.

Sasa fungueni karatasi niliyowagawia. Mgonjwa wa kwanza: bikaboneti 36, juu ya kawaida, pH haijaandikwa. Kabla hamjatamka neno alikali, mtaniuliza nini kuhusu kifua chake?